Uso wa Mimba Isiyokuwapo

Wachuka alipomwendea Mugure mara ya kwanza, hakusema anataka nini. Alisimama mbele ya kibanda chake katika soko la Nakuru, akashika kitana, akakirudisha. Akachukua chupa ya mafuta ya nywele, akainusa, akairudisha pia. Ndivyo alivyonunua kila kitu maishani mwake. Mwuzaji akishajua unachokitaka, bei si yako tena. Lakini Mugure naye hakuwa mtoto wa jana. Alikuwa ameuza sokoni tangu wakati wa Hali ya Hatari, na hakutazama mikono ya mteja. Alitazama mashavu.

"Hicho unachotafuta hakiko hapo juu, mama," akasema. "Kiko huku chini."

"Nimekwambia natafuta kitu?"

"Wewe hujasema. Shavu ndilo limesema."

Akainama, akatoa sabuni iliyofungwa kwa karatasi yenye picha ya mwanamke anayejitazama. Watu waliiita "ya kioo."

"Hii inatoa madoa?" Wachuka akauliza.

"Inatoa madoa, inatoa weusi, na ukizubaa inatoa na umri."

"Na mume inatoa?"

"Huyo utamtoa mwenyewe."

Wanawake wa vibanda vya jirani wakacheka. Wachuka hakucheka, alikuwa amekwisha kuanza kazi. Akasema karatasi imekunjamana, akasema ameiona kwa Mhindi wa barabara ya pili kwa bei ya chini, akaondoka hatua chache na kurudi, mpaka Mugure akashusha bei, akaongeza na kikopo cha mafuta ya kupaka usiku. Wachuka akaondoka akijiona mshindi.

Siku hiyo aliacha jambo alilolifanya kila siku ya kazi yake. Alikuwa mnunuzi wa viazi kutoka malori ya Olenguruone, akiviuza humo humo sokoni, na wakulima wa kule walimjua kwa neno moja: mwaga. Mkulima huweka viazi vikubwa juu ya gunia na vikubwa chini, katikati akajaza vidogo na vile vilivyogeuka kijani kwa jua. Wachuka hakubishana na mtu kuhusu gunia. Alisema tu, "Mwaga," na asiyemwaga alirudi na mzigo wake. Lakini kwa Mugure alitazama uso wa mwuzaji, uso mweupe kwa kadiri Mkikuyu anavyoweza kuwa mweupe, laini, wa rangi moja kuanzia kipaji hadi kidevu, akaamini kwamba anaona kazi ya sabuni. Hakusema mwaga.

Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hununua chochote.

Haraka yenyewe ilikuwa hivi. Wachuka alikuwa mke wa Kang'ethe wa Bahati, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla halijakatwa vipande. Alikuwa amezaa mara sita, wavulana wawili na wasichana wanne. Uzazi wa sita ulimwanzia sokoni, akapelekwa hospitali juu ya magunia nyuma ya lori, damu ikipita kwenye mbao, na daktari akamwambia Kang'ethe waziwazi kwamba mkewe akibeba mimba ya saba atakufa nayo. Kang'ethe aliitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata alikuwa amesahau, au alikuwa ameitwa na mama yake akasahaulishwa.

Maana mama mkwe alikuwa na dai lake, na lilikuwa dai zito. Mwanawe mwingine, Hiram, alifia katika kambi ya kizuizini bila mke wala mtoto. Kwa Wakikuyu mtu wa namna hiyo harudi nyumbani mpaka jina lake lipate wa kulibeba. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, wa tatu ndipo ndugu wa baba apate nafasi. Wachuka alikuwa na wavulana wawili. Hiram alikuwa akingoja mlangoni, na mlango ulikuwa tumbo la Wachuka.

"Sina ugomvi na Hiram," Wachuka alimwambia mumewe mara moja. "Ila namjua aliye hai, na ni mimi."

Kang'ethe akasema maneno kama hayo hayasemwi.

Basi hakuyasema tena. Mwaka wa sitini na tisa alikwenda kwenye kliniki ya kupanga uzazi mjini. Sista aliyekuwa zamu, Mkipsigis aitwaye Chemutai, akamwambia vidonge vipo, ila mume lazima aje akubali kwa kinywa chake. Wachuka akasema mume yuko karibu. Akaenda sokoni, akamkuta Nyongesa, mvuta mkokoteni wake, akimalizia uji.

"Nyongesa, nifuate. Utakuwa mume wangu kidogo."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kusema ndiyo."

"Kazi hiyo naiweza," Nyongesa akasema, akafuta midomo.

Sista Chemutai alimtazama Nyongesa, akatazama jina la mume, Kang'ethe, akamsikia akijibu kwa lafudhi ya Bungoma. Akampa Wachuka vidonge.

Mwaka ukapita bila mimba. Wachuka alivificha vidonge ndani ya kibuyu cha mbegu, akavimeza kila siku kabla ya kwenda sokoni, ambako alisimama juani tangu asubuhi. Ndipo madoa yakaanza. Yalitokea kwenye mifupa ya mashavu yote mawili, ya kahawia kama alama ya chai kwenye kitambaa, kisha yakapanda kwenye kipaji na kushuka juu ya mdomo. Hayakuwasha, hayakuuma. Yalikaa tu, yakizidi kukolea kila wiki.

Mama mkwe aliyaona kabla ya Wachuka mwenyewe kuyatia maanani. Mwanamke aliyezaa mara tisa hahitaji kuambiwa. Alimgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akatabasamu, jambo lililokuwa nadra kwake.

"Uso umeshika," akasema. "Tumbo litafuata."

Hata Wachuka aliyajua madoa hayo. Alikuwa nayo kidogo wakati wa mimba ya pili na ya tano, yakaondoka baada ya kuzaa. Ila sasa hakuwa na mimba na alijua hana. Nyumbani kukaanza heshima asiyoitaka. Alipewa nyama laini. Kang'ethe akaanza kumwita mama watoto kwa sauti ya posa. Kila siku mtu alitazama tumbo, na tumbo lilikuwa bapa, na Wachuka aliona wazi mwisho wa njia hiyo: watauliza, watatafuta, kibuyu kitapatikana. Vidonge vitatupwa, yeye atafungiwa Bahati, na wa saba atakuja na kaburi lake. Ilibidi uso uachilie kabla ya maswali. Ndiyo maana alikuwa kwenye kibanda cha Mugure, akibishana kuhusu karatasi iliyokunjamana.

Sabuni ilifanya kazi. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Alinawa kwa povu lake asubuhi na jioni, akaliacha likauke usoni kama alivyoelekezwa, na kabla ya mwezi kuisha madoa yalikuwa yamepauka mpaka karibu kutoonekana. Ngozi ilichonyota, lakini Mugure alikuwa amemwambia kuchonyota ndiko kufanya kazi. Jumapili moja Wachuka alibaki nyumbani Bahati akiwa na uso safi, akitarajia wataona kwamba walikosea, na jambo liishe.

Mama mkwe akamgeuza tena kwenye mwanga wa mlango. Safari hii hakutabasamu.

"Uso umeachilia," akasema. "Na hujazaa."

"Sikuwa na mimba, mama."

"Uso ulishika, nikaona kwa macho yangu. Uso hauachilii mpaka tumbo litoke. Umemtoa Hiram."

Hakuna neno Wachuka alilosema siku hiyo lililoingia katika sikio la mtu. Alikuwa amelipia, kwa kubembeleza bei, ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kang'ethe akasema, bila kumtazama, kwamba baada ya mavuno Wachuka ataacha soko na kukaa nyumbani waweze kumwona.

"Kunichunga?" Wachuka akauliza.

"Kukuona."

"Mbuzi huonwa hivyo."

Hasira ilimwingia siku hiyo na haikupata mahali pa kutokea. Aliendelea na sabuni kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika, na sabuni nayo ikamgeuka. Madoa yalirudi. Hayakurudi kahawia, yalirudi na weusi wenye bluu ndani yake, kama ngozi iliyopigwa, na pembeni mwake ngozi ikachubuka ikawa nyekundu. Mdomoni alihisi ladha ya msumari. Asubuhi miguu ilivimba viatu vikakataa. Watu sokoni wakaacha kumtazama usoni, wakawa wanazungumza na viazi.

Akaenda kwa Chemutai akiwa na sabuni mkononi, hakuketi.

"Ni vidonge vyako," akasema. "Uniambie kama ni vidonge vyako."

Chemutai akamtazama uso. "Madoa yale ya kwanza, ndiyo, ni vidonge. Kidonge kinaudanganya mwili ujione una mimba, ndiyo maana hushiki nyingine. Basi kwa wengine, uso nao unadanganyika. Jua likiongezea, yanakolea."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuambia kichwa kitauma na tumbo litachafuka."

"Uso hukusema."

"Uso sikusema," Chemutai akakubali. "Wengi haiwapati."

"Mimi si wengi."

Sista akanyoosha mkono. Akachukua sabuni, akaifungua, akainusa. Akasema humo ndani mna zebaki, chuma kile cha maji kilicho kwenye kipimajoto. Kinaua rangi ya ngozi kwa nguvu, na ngozi ikipata nafasi hurudi kulipiza. Kikizidi kinaingia kwenye figo, na miguu ndiyo hiyo. Akamchukua mkojo, akamwambia asiitie sabuni ile usoni hata mara moja tena, wala mafuta ya kikopo. Anawe kwa maji na sabuni ya kawaida, apake mafuta mepesi, avae kofia pana kila aendapo juani, na aache vidonge. Yale ya kidonge yatafifia polepole, huenda kwa mwaka au zaidi. Yale ya sabuni hakumwahidi.

"Nikiacha vidonge nitashika mimba."

"Kuna koili. Inakaa ndani ya mfuko wa uzazi, haiingii kwenye damu wala haigusi uso. Lakini anayeweka ni daktari, na yeye anataka kumwona mume."

"Nitamleta Nyongesa."

"Daktari anamjua Nyongesa. Ndiye anayemletea makaa." Chemutai karibu acheke. "Mlete yule mwingine."

Wachuka alitoka pale na hasira yake yote, akaenda moja kwa moja kwa Mugure. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Akaweka kipande cha sabuni juu ya bidhaa.

"Nawa," akasema.

"Nini?"

"Nawa uso wako na hii. Maji haya hapa, Nyongesa ameleta debe. Mwaga gunia lako nione."

Mugure akaangalia kulia na kushoto. "Mimi sina madoa. Ninawe kwa nini?"

"Hujawahi kunawa nayo."

"Sikukuambia nimewahi."

"Na huo weupe?"

"Nimezaliwa nao. Baba yangu alikuwa hivi."

"Kumbe tunanunua uso wa baba yako," Wachuka akasema, na watu waliokuwa wakichagua vitana wakainua vichwa.

Mugure hakuona aibu. Aibu haijajaza tumbo la mtu yeyote pale sokoni. Akanong'ona: "Hakuna niliyemdanganya. Macho yenu ndiyo yalijisemea. Chukua kikopo kingine, chukua na kitambaa hiki cha kichwa, uende."

Wachuka hakuchukua. Alimwaga maji ya debe, akaligeuza juu chini kando ya kibanda, mahali ambapo hakuna amri ya manispaa wala ya Mungu iliyomkataza kukaa, akaketi. Akavua kitambaa chake uso wote uonekane. Mteja wa kwanza alipoulizia ya kioo, Wachuka akamwambia kwa upole, "Bei muulize huyu. Kazi yake niulize mimi."

Mteja akauona uso, akanunua kitana.

Siku ya soko iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Viazi alimwachia binti yake wa kwanza. Mugure alimtukana, akamwita kinyago, akamwambia askari wa manispaa, na askari akaja, akauona uso ule, akasema kukaa juu ya debe si kosa. Sabuni ikabaki chini ya meza. Wanawake wakaanza kuja kumtazama Wachuka kama watu wanaokwenda kutazama gari lililopinduka, na habari zikapanda Bahati na malori.

Kang'ethe akaja na mama yake. Walimkuta juu ya debe.

"Inuka twende nyumbani," Kang'ethe akasema. "Umemwaga mimba yangu, sasa unamwaga na jina langu."

"Haikuwapo mimba." Wachuka hakuinuka. Alikuwa amechoka kuficha, na kuficha kulikuwa kumemgharimu uso. "Nimemeza vidonge vya kuzuia miaka miwili. Vidonge ndivyo vilivyoshika uso. Sabuni ya huyu ndiyo iliyoachilia. Hiram hakuwahi kuingia ndani yangu, nitamtoaje?"

"Miaka miwili? Nani alikukubalia?"

"Mume wangu."

"Mimi?"

"Nyongesa. Alikuja akasema ndiyo, akarudi kwenye mkokoteni wake. Wewe daktari alikuambia nitakufa, ukaitikia kwa kichwa."

Nyongesa, aliyekuwa amesimama nyuma, akaona magurudumu yake yanahitaji kukaguliwa.

Mama mkwe hakuwa akisikiliza mambo ya Nyongesa. "Anasema uongo," akasema. "Uso haushiki bila mimba. Sijapata kuona."

Hapo Wachuka akamgeukia Mugure. Mugure alikuwa akitazama ile familia, halafu lile debe, halafu ile familia tena, na Wachuka akaijua ile sura. Ni sura ya mtu anayepiga bei kichwani.

"Mimi nimeona," Mugure akasema polepole. "Naweza kumwambia mama. Lakini debe hili linanikalia vibaya."

"Unataka nini?"

"Liondoke. Na wewe na uso wako msiongee habari ya sabuni tena. Hapa wala kwenye viazi vyako."

Kwa hiyo Mugure alijua. Tangu siku ile ya kwanza, alipoinama chini ya meza, alijua madoa yale yanatoka wapi, na aliuza. Wachuka alihisi mikono inataka kitu cha kuvunja. Angeweza kukaa pale mpaka Mugure afilisike. Siku chache zaidi zingetosha. Lakini hata kama Mugure angefilisika, mama mkwe angeendelea kuamini kwamba mkaza mwana ni muuaji, na muuaji hapewi koili, hupelekwa Bahati.

Akainuka, akaliinua debe.

"Sema," akamwambia.

Mugure akasema, na alisema vizuri, kwa sauti ya biashara. Kwamba tangu kliniki ifunguliwe wanawake wa vidonge wanamjia kila wiki, wake wa walimu, wake wa reli, tumbo bapa, uso umeshika, hakuna mimba wala harufu ya mimba. Kwamba anawajua kwa kuwatazama kabla hawajafungua mdomo. Kwamba huyu naye alimjua hivyo hivyo. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. Maneno ya mkwe hayakuwa na thamani kwake, lakini huyu alikuwa mgeni asiye na faida katika jambo hilo, au hivyo alivyoonekana. Akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, akasema, "Basi hakuja kabisa." Alikuwa anamaanisha Hiram.

Wachuka hakumhurumia. Alimpa bei.

"Mwanao aoe mwingine," akasema. "Huyo amzae Hiram. Kwangu mimi, Kang'ethe aje kwa daktari aseme ndiyo kwa kinywa chake, na soko niachiwe."

Kang'ethe alisema mwanamke hamwozi mume wake sokoni. Mama yake akamwambia anyamaze. Wiki iliyofuata akaja mjini, akasimama mbele ya daktari, akasema ndiyo, akaondoka bila kumngoja.

Koili ikawekwa, na Wachuka hakuzaa tena. Uvimbe wa miguu ulishuka baada ya kuacha sabuni. Madoa ya kahawia yalififia mwaka wa sabini na mbili, chini ya kofia pana ya majani ambayo wakulima wa Olenguruone waliicheka mpaka wakaizoea. Ule weusi wa bluu haukuondoka kwenye mashavu, na hakuna aliyejua dawa yake. Kang'ethe alioa msichana wa Dundori, akahamia kwake. Msichana yule alizaa mabinti watatu, kisha mvulana, naye kwa kuwa ndiye mvulana wa kwanza wa nyumba yake, akaitwa jina la babu, kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alipofariki alikuwa bado anahesabu wavulana, akimngojea Hiram.

Mugure alijenga nyumba ya mawe. Vibanda vyao havikuwa mbali, na siku za soko Wachuka aliwaona wakipita mbele ya viazi vyake, wanawake wenye tumbo bapa na uso ulioshika, wakielekea kule. Wengine walisimama kuulizia bei ya viazi, wakatazama mashavu yake, wakataka kuuliza. Aliwapimia viazi, akafunga mfuko, akanyamaza, maana alikuwa ameuza neno hilo, na alikuwa amelipwa.